Mvuke Unaobeba Shaba na Dhahabu



Katika machimbo mengi madogo utasikia watu wakisema kwamba dhahabu hutembea. Leo iko hapa, kesho imehama. Wako hata wanaotoa fedha zao kwa waganga ili dhahabu ivutwe, au itulizwe isiondoke.

Je, maneno haya yana ukweli wowote? Yana ukweli nusu. Dhahabu haihami usiku mmoja kutoka shimo lako kwenda shimo la jirani, na hakuna mganga awezaye kuivuta. Lakini ni kweli kwamba dhahabu, shaba na madini mengine yalisafiri chini ya ardhi kabla ya kufika pale tunapoyakuta. Safari hiyo ilifanyika zamani sana. Wabebaji wake walikuwa maji ya moto na mvuke.

Leo tutaieleza safari hiyo, hasa ile ya mvuke. Mwishoni tutaona kwamba jambo hili linahusu pia afya ya kila nyumba iliyo karibu na machimbo.

NANI ALIYEKUSANYA MADINI?

Okota jiwe lolote la kawaida njiani. Ndani yake kuna shaba kidogo, na hata dhahabu kidogo. Lakini ni kidogo mno. Ukisaga tani moja ya mawe ya kawaida, utapata shaba ya karibu gramu 30 tu. Dhahabu ndiyo haba zaidi. Katika tani elfu moja za mawe ya kawaida mna dhahabu ya gramu 1 au 2 hivi. Hakuna mtu anayeweza kuchimba namna hiyo akapata faida.

Lakini katika mgodi wa shaba, tani moja ya mawe inaweza kuwa na kilo kadhaa za shaba. Basi, kuna kitu kilichokusanya shaba iliyotawanyika na kuiweka mahali pamoja. Ni kama mahindi. Punje zikiwa zimetawanyika shamba zima, huwezi kuzihesabu kuwa mali. Zikikusanywa ghalani, ndipo tunasema tuna chakula.

Kwa hiyo tunauliza: nani aliyezikusanya punje za shaba na kuzitia ghalani?

MAWE YALIYOYEYUKA NI KAMA SODA

Kadiri tunavyochimba kwenda chini, joto huongezeka. Katika sehemu nyingi za dunia, kila kilomita moja ya kina huongeza joto la nyuzi 25 hadi 30 za Sentigredi. Watu wanaofanya kazi katika migodi mirefu wanalijua jambo hili vizuri. Wanatoka jasho kabla hawajashika sururu.

Mbali zaidi chini, katika sehemu fulani, joto ni kali hata mawe huyeyuka. Mawe hayo yaliyoyeyuka huitwa magma. Joto lake huwa kati ya nyuzi 700 na 1,200. Kumbuka kwamba maji ya chai huchemka kwenye nyuzi 100 tu.

Sasa sikiliza jambo la ajabu kidogo. Ndani ya magma mna maji. Hayaonekani, kwa sababu yamechanganyika na mawe yaliyoyeyuka, kama gesi ilivyochanganyika na soda iliyo ndani ya chupa. Chupa ikiwa imefungwa, huoni mapovu. Ukifungua kizibo, mgandamizo unapungua, na mapovu yanapanda mbio.

Magma nayo hufanya vivyo hivyo. Inapopanda kutoka chini sana na kukaribia uso wa dunia, uzito wa mawe yanayoibana unapungua. Baadaye inaanza kupoa na kuganda. Ndipo maji yaliyomo hujitenga, yakatoka kama mvuke wa moto sana.

Mvuke huo hautoki peke yake. Hutoka pamoja na klorini, ambayo imo hata katika chumvi tunayotia kwenye mboga. Tena hutoka pamoja na salfa. Wakulima wa korosho wa kusini wanaijua salfa. Ni ule unga wa manjano wanaopuliza mikorosho kuzuia ubwiriunga.

Klorini na salfa ndizo zinazoshika shaba na dhahabu na kuzipandisha katika mvuke. Shaba peke yake haiwezi kugeuka mvuke mpaka ifikie joto la zaidi ya nyuzi 2,500. Joto hilo halipo pale. Lakini shaba ikishikana na klorini au salfa, inaweza kusafiri katika mvuke ulio baridi kuliko huo. Tunaweza kusema hivi: mvuke ni basi, klorini na salfa ni viti, shaba na dhahabu ni abiria.

LAKINI CHUMVI HUBAKI SUFURIANI!

Hapa msomaji mwenye akili atapinga. Atasema: "Mimi nikichemsha maji ya chumvi, mvuke unakwenda juu na chumvi inabaki chini ya sufuria. Basi mvuke utabebaje shaba, ambayo ni nzito kuliko chumvi?"

Swali hilo ni zuri. Hata wataalamu wa miamba walijiuliza hivyo kwa miaka mingi. Wengi wao waliona kwamba maji mazito ya chumvi, yaliyo moto sana, ndiyo yaliyobeba karibu madini yote. Mvuke waliuona kuwa mwepesi mno kwa kazi hiyo.

Jibu liko katika mgandamizo. Mvuke wa sufuriani ni mwembamba. Hauna kitu kinachoubana. Lakini mvuke wa chini ya ardhi umebanwa na uzito wa mawe ya kilomita moja, mbili au zaidi. Ukibanwa hivyo unakuwa mzito. Chembe za maji zinasongamana, zinaizunguka ile shaba iliyoshikana na klorini au salfa, na kuibeba. Mvuke mwembamba hauna nguvu hiyo.

Wataalamu walilijuaje jambo hili? Walisaidiwa na jiwe jeupe linaloitwa kwatzi. Wachimbaji wa dhahabu wanalijua sana jiwe hili. Kwatzi inapokua ndani ya ufa wa mwamba, hunasa vitone vya maji na mapovu ya mvuke. Mapovu hayo ni madogo, mengi yana upana mdogo kuliko unywele. Hukaa humo mamilioni ya miaka.

Mwaka 1999, Christoph Heinrich na wenzake wa chuo kikuu cha ETH huko Zurich, Uswisi, walitoa matokeo ya kazi yao. Walikuwa wametoboa mapovu hayo kwa mwanga mkali wa leza na kupima vilivyomo. Waliona kwamba chuma, zinki na risasi zilikuwa nyingi zaidi katika vitone vya maji ya chumvi. Lakini shaba na dhahabu zilikuwa nyingi katika mapovu ya mvuke. Kumbe mvuke nao ni mchukuzi!

Hata leo wataalamu wanajadiliana ni kiasi gani cha shaba hupita katika mvuke, na ni kiasi gani hupita katika maji ya chumvi. Hawabishani kwamba mvuke hubeba. Wanabishana juu ya ukubwa wa mzigo.

ABIRIA WANASHUKA WAPI?

Mzigo ukibebwa ni lazima ushushwe mahali fulani. Mvuke hushusha mzigo wake ukipoa, na pia mgandamizo ukipungua.

Tuchukue mfano wa mgodi wa Bingham Canyon, katika jimbo la Utah, nchini Marekani. Shimo la mgodi huo ni moja ya mashimo makubwa kuliko yote duniani yaliyochimbwa na watu. Lina upana wa kilomita 4 hivi, na kina chake ni kilomita 1 hivi. Uchimbaji wa shimo hilo la wazi ulianza mwaka 1906.

Zaidi ya miaka milioni 37 iliyopita, magma ilipanda chini ya mahali hapo. Haikutoka yote nje. Nyingi iliganda chini kwa chini. Mvuke uliojitenga ulisukuma mawe ya juu hadi yakapasuka. Zikatokea nyufa nyingi nyembamba, zilizopishana kama nyuzi za wavu. Mvuke ukapita katika nyufa hizo kwenda juu.

Ulipokuwa unapanda, ulipoa. Wataalamu waliochunguza mawe ya Bingham wamegundua kwamba shaba nyingi ilishuka pale joto liliposhuka kutoka nyuzi 425 hivi hadi nyuzi 350. Katika joto hilo, salfa ilikamata shaba na chuma kwa pamoja. Zikawa mawe ya manjano yanayometa, yaliyojaa ndani ya nyufa. Dhahabu kidogo nayo ikashuka hapo.

Kazi hiyo haikuwa ya siku moja. Mvuke uliendelea kupita kwa maelfu mengi ya miaka, ukishusha kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Machimbo ya namna hii yako pia Chile, Peru, Indonesia na nchi nyingine zenye milima ya volkeno, au zilizokuwa na milima hiyo zamani. Karibu robo tatu ya shaba yote inayochimbwa duniani hutoka katika machimbo ya aina hii. Huenda shaba iliyo ndani ya waya wa umeme au redio yako ilisafiri namna hiyo.

MAHALI AMBAPO SAFARI INAONEKANA

Je, kuna mahali ambapo mtu anaweza kuliona jambo hili likitendeka? Ndiyo.

Katika kisiwa cha Iturup, mashariki ya mbali ya Urusi, kuna volkeno iitwayo Kudryavy. Kileleni pake kuna matundu yanayotoa mvuke na gesi. Joto la baadhi ya matundu hayo limepimwa na kupita nyuzi 900. Katika miaka ya 1990 mwanzoni, wataalamu waliokwenda huko walikuta jiwe ambalo halijapata kujulikana. Lilikuwa limeumbwa na salfa pamoja na metali adimu iitwayo reniamu. Metali hiyo ni ghali sana, na hutumika katika injini za ndege. Hapo Kudryavy ilikuwa imeletwa na mvuke na kugandishwa kando ya matundu.

Katika volkeno ya Merapi, Indonesia, wataalamu wametumia njia nyepesi kueleweka. Walichomeka bomba refu ndani ya tundu la mvuke. Upande mmoja wa bomba ulikuwa ndani ya joto kali, upande wa pili ulikuwa nje penye ubaridi. Mvuke ulipopita, uligandisha vitu katika kuta za bomba. Vitu vya aina moja viliganda penye joto zaidi, vya aina nyingine mbele penye ubaridi. Ni kama basi linaloshusha abiria kituo kwa kituo.

Lakini angalia jambo moja. Mvuke unaotoka moja kwa moja hewani hutawanya mali yake. Upepo unaichukua. Ili mgodi upatikane, lazima mvuke upoe ukiwa bado chini ya ardhi. Hapo mawe huwa kama kifuniko cha sufuria.

NA HAPA KWETU JE?

Hapa Tanzania tuna mlima unaotoa mvuke mpaka leo. Ni Kilimanjaro. Juu ya Kibo, ndani ya kreta ya Reusch, kuna matundu yanayotoa gesi. Kando yake mna salfa iliyogandishwa na gesi hiyo. Hivyo, si kila mahali penye mvuke pana dhahabu. Mtu akikuambia ununue shamba penye chemchemi ya maji moto kwa sababu "chini lazima kuna dhahabu," usimpe fedha zako.

Na dhahabu ya Geita je? Hiyo ni ya zamani mno. Miamba yake ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Dhahabu ya huko ilibebwa hasa na maji ya moto yenye salfa, yaliyopita katika nyufa ndefu za miamba. Mchukuzi ni tofauti kidogo, lakini kanuni ni ile ile: joto hubeba, nyufa hupitisha, mzigo hushushwa pale hali inapobadilika. Ndiyo maana wachimbaji hufuata mkanda wa mwamba. Wanafuata njia ambayo maji yale yalipita.

MVUKE WA ZEBAKI

Sasa tufike kwenye jambo linalogusa maisha yetu.

Wachimbaji wadogo wengi hutumia zebaki, au mekyuri kama wengine wanavyoiita. Mchanga ukishasagwa na kuoshwa, zebaki huchanganywa nao. Zebaki hukamata chembe za dhahabu, likatokea donge la rangi ya fedha. Kisha donge huchomwa. Zebaki hutoweka, dhahabu inabaki.

Lakini, ndugu msomaji, "hutoweka" kwenda wapi?

Tumeona kwamba shaba inahitaji basi ili isafiri katika mvuke. Zebaki haihitaji basi. Yenyewe hugeuka mvuke kwenye joto la nyuzi 357 tu. Jiko la mkaa linapita joto hilo. Dhahabu haigeuki mvuke hapo, ndiyo maana inabaki. Zebaki hupanda hewani. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Huwezi kujua kwamba umeuvuta.

Na mvuke huo ukipoa unafanya nini? Unafanya kama ule wa Bingham. Unashusha mzigo wake. Ukichoma zebaki jikoni, inashuka kwenye mabati, kwenye kuta, kwenye nguo, kwenye chombo cha maji na kwenye kitanda cha mtoto. Siku ya jua kali bati likipata moto, sehemu yake inapanda tena. Umetengeneza mgodi mdogo wa zebaki ndani ya nyumba yako.

Zebaki iliyovutwa kwa pumzi huingia mapafuni, ikaenda katika damu, ikafika kwenye ubongo na figo. Mtu aliyevuta nyingi kwa muda mrefu anaweza kutetemeka mikono, kukosa usingizi na kusahausahau. Kwa mama mjamzito hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu zebaki humfikia mtoto aliye tumboni. Watoto wadogo nao huathirika upesi.

Nchi nyingi zimekubaliana kupunguza matumizi ya zebaki katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013. Minamata ni mji wa Japani ambako watu wengi waliugua na kufa kwa sababu ya zebaki iliyotupwa baharini na kiwanda, wakala samaki wenye sumu. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2020. Moja ya mambo yaliyomo ni kukomesha uchomaji wa zebaki mahali pa wazi na katika makazi ya watu.

TUFANYE NINI?

Njia iliyo bora ni kupata dhahabu bila zebaki kabisa. Palipo na chembe kubwa, mchanga unaweza kuoshwa vizuri kwa maji na karai, au kwa mashine za kutikisa, na dhahabu ikabaki chini kwa uzito wake.

Lakini wale ambao bado wanatumia zebaki wakumbuke haya:

1. Usichome zebaki ndani ya nyumba, wala jikoni, wala karibu na watu.

2. Mama mjamzito na watoto wasikaribie mahali pa kuchomea.

3. Tumia chombo kilichofungwa chenye bomba. Donge huwekwa ndani ya chombo na kuchomwa. Mvuke hupita katika bomba linalopozwa kwa maji, ukageuka zebaki tena na kudondoka katika bakuli la maji. Wanaojua jinsi pombe ya moshi inavyopikwa wataelewa upesi, maana kazi ni ile ile ya kupoza mvuke. Chombo hiki nacho kitumike nje, mbali na watu. Kisifunguliwe kabla hakijapoa.

4. Nguo za kazi zisilale chumbani. Zifuliwe mbali na vyombo vya chakula.

5. Sufuria, karai au kijiko kilichoguswa na zebaki kisirudi jikoni kamwe.

Chombo chenye bomba kina faida nyingine. Zebaki iliyokamatwa hutumika tena, na mchimbaji anaokoa fedha.

Ardhi ilitumia mvuke kutuwekea shaba na dhahabu mahali pamoja. Nasi tukiuelewa mvuke, tutaichukua mali hiyo bila kuweka sumu katika mapafu ya watoto wetu.

MANENO MAPYA

Magma: mawe yaliyoyeyuka kwa joto chini ya ardhi.
Mgandamizo: nguvu ya kubana kitu.
Kwatzi: jiwe gumu, mara nyingi jeupe, linalojaza nyufa za miamba.
Zebaki: metali inayotiririka kama maji, yenye rangi ya fedha.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mvuke wa sufuriani haubebi chumvi, lakini mvuke wa chini ya ardhi unaweza kubeba shaba?

2. Mvuke unapopoa, mzigo wake unakwenda wapi? Toa mfano mmoja wa chini ya ardhi na mmoja wa nyumbani.

3. Je, katika kijiji chenu kuna mahali ambapo zebaki huchomwa? Ni nani wanaoishi karibu na hapo? Mnaweza kukubaliana wapi pa kuchomea ili watu wasidhurike?